Mikono ya Bwana wa Ruzuku

Bwana wa ruzuku za kufufua mila alitembea mikono nyuma, kama anayekagua gwaride. Kila alipokuja kuona fedha zimefanya nini, Verna, mkuu wa jiko la jumba refu la sherehe za ukoo, alimletea samaki wa salmoni aliyekaushwa kwa moshi. Naye alimtazama samaki kwa uchu, akasema polepole, “Sheria hainiruhusu kupokea zawadi, mama,” mikono ikazidi kujificha. “Maskini, amekuja na mdomo, mikono kaiacha mjini,” Verna aliwaambia wapishi, nao wakacheka mpaka masufuria yakafurika.

Siku Wilfred, kaka yake Verna, aliporudishiwa jina la babu yao, lile alilonyang’anywa utotoni katika shule ya bweni ya serikali iliyowakataza watoto mila zao, bwana yule aliitwa miongoni mwa mashahidi. Verna akapita akiwalipa mashahidi sarafu mbilimbili, kama mila inavyotaka. Mikono haikutoka. “Hii si zawadi,” Verna akamwambia. “Ni ujira wako. Siku mtu akilikana jina hili, wewe utasema ulikuwepo. Usipopokea, basi hukusikia kitu.” Bwana akamtazama Wilfred, mzee mzima anachekacheka kama bwana harusi. Mkono wa kulia ukatoka, ukapokea, ukafumba, na haukufumbuliwa tena siku hiyo. Verna alipoleta samaki, wa kushoto ulianza kurudi nyuma, ukasita. “Na huyu je?” bwana akauliza. “Huyu wa kukupa sauti. Shahidi mwenye njaa nani atamsikia?” Akampokea kwa kushoto, wala hakuna aliyemsema. Kabla hajauma, akalitamka jina alilorudishiwa Wilfred, taratibu, lote, kisha akala.