Chumba cha Ufa

Shangazi yangu alinunua nyumba ya vyumba vitano ili apate kimoja cha kulala. Ukimuuliza kwa nini hakutafuta nyumba ya chumba kimoja, atakwambia vile vingine vinne ndivyo vitakavyomlisha uzeeni. Mpango ulikuwa mzuri. Hata mimi, mtoto wa kaka yake, ambaye kusifu si kazi yangu, niliusifu.

Kwanza umjue mwenyewe. Alikuwa mpishi wa shule ya bweni tangu mimi nikiwa mchanga, na shule ilimpa chumba nyuma ya jiko. Kilikuwa chake mpaka alipoajiriwa mtunza stoo mpya. Shangazi akaambiwa ahamie karibu na vyoo. Kisha ikaja mashine ya kufulia, na mashine nayo ikataka chumba. Amehamishwa na watu, akahamishwa na mashine, mwaka mmoja akahamishwa na magunia ya maharage. Siku ya kustaafu walimpa saa ya ukutani, wakati ukuta wenyewe hana.

"Nataka chumba ambacho hakuna mtu atakuja kuniambia, mama, hama," aliniambia siku tulipokwenda kuiona nyumba. "Hicho tu, mwanangu. Mengine ni ziada."

Nyumba ilikuwa na paa la bati, korido katikati, bomba moja uani, na wapangaji wanne walionunuliwa pamoja nayo. Chumba cha kwanza alikaa mzee mmoja fundi saa. Cha pili muuguzi wa zamu za usiku, cha tatu bwana na bibi waliooana juzi juzi, cha nne mpiga tarumbeta wa bendi ya harusi. Cha tano, mwisho wa korido, kilikuwa kitupu. Dirisha lake lilitazama uani, na ukutani, juu kidogo ya mahali pa kitanda, palikuwa na ufa uliotoka darini ukashuka hadi karibu na swichi ya taa. Shangazi akasema hicho ndicho chake. Nilipomwonyesha ufa, akasema utazibwa.

Angetundika saa yake hapo hapo, akalala, mambo yakaisha. Lakini vyumba vya wapangaji vilikuwa vinabanduka lipu, na yeye kila anachokijua amekijua jikoni: watu wapakuliwe kwanza, mpishi apate ukoko. Akaamua ukarabati uanze kwa wapangaji, chake kiwe cha mwisho. Akamwita fundi mwashi ambaye mtaa mzima humwita Nipo Njiani, kwa kuwa ndilo jibu lake kila akipigiwa simu, hata kama unamwona kwa macho yako amekaa mkahawani anapuliza chai. Nipo Njiani akaja, akagongagonga kuta, akasema hawezi kupiga lipu chumba chenye mtu ndani.

"Basi mzee akae kwangu wiki moja," akasema shangazi. "Mimi nitajibanza stoo ya uani."

Fundi saa akahamia cha tano na saa zake zote. Cha kwanza kikapigwa lipu, kikapakwa rangi, kikafungwa kitasa kipya kinachong'aa. Shangazi akaenda kumpa habari njema, nami nikiwa nyuma yake. Mzee alifungua mlango akiwa amekumbatia mto.

"Mama mwenye nyumba, nina ombi," akasema. "Saa zimeshazoea huku. Saa ukizihamishahamisha zinapoteza mwendo. Halafu mwanga wa dirisha hili, kwa macho yangu haya, we acha tu."

Shangazi hajawahi kumwambia hapana mtu aliyekumbatia mto. Akamwambia hakuna neno, yeye atachukua kile cha kwanza. Tena kipya, tena kina kitasa. Alikuwa ameshaingiza kitanda chake na ana msumari mdomoni muuguzi alipopiga hodi. Zamu ya chumba cha pili imefika, na yeye analala mchana. Atalala wapi wakati Nipo Njiani anagonga?

Unajua kilichofuata. Chumba cha pili kilipokuwa tayari, muuguzi akasema tangu aanze kazi hajawahi kupata usingizi kama aliopata kile cha kwanza, na kumwamsha sasa ni kuhatarisha wagonjwa. Shangazi akahesabu cha pili kuwa chake. Hajafika mlangoni, wanandoa wakawa wanatolewa cha tatu. Wakapewa cha pili kwa muda, na muda huo ukaota mizizi. Mpiga tarumbeta akaingia cha tatu, akapuliza mara moja kujaribu, akasema ukuta mpya unarudisha sauti vizuri mno. Kila rangi ilipokauka, mtu aliipenda, na shangazi akasogea kwenye chumba kinachofuata kubomolewa. Alilala katikati ya mchanga. Alikohoa saruji. Kwa kuwa Nipo Njiani alikuwa njiani siku nyingi kuliko alizofika, shangazi alijifunza kuchanganya udongo na kupiga lipu mwenyewe, na mtu wa umeme alipokuja kuuliza mwenye nyumba, mpiga tarumbeta alimwonyesha kwa kidole: "Huyo hapo, mwenye koleo."

Mimi nilipandwa na hasira. Nilikwenda pale nimejipanga, maneno yako tayari, nikisema leo mtu atalala nje. Nilimkuta muuguzi amelala. Shangazi akaniwekea kidole mdomoni, akaninong'oneza kwamba kabati la yule dada bado liko korido, na nusu saa baadaye nilikuwa nimelishika upande mmoja, nanyata. Safari ya pili niliondoka nimebeba godoro la wanandoa kichwani. Nikaona nikizidi kutetea haki za shangazi nitavunjika mgongo.

Hatimaye cha nne nacho kikakamilika. Kila mpangaji alikuwa na chumba kipya, hakuna aliyebaki kuhamishwa. Shangazi akafagia, akatandika, akaitoa ile saa kwenye gazeti lililoifunika tangu kustaafu. Nilimwona akicheka peke yake, na nikafurahi kweli. Hodi ikapigwa. Fundi saa, na mto.

"Mama, naomba nielewe," akasema. "Wapangaji wote tunalipa kodi sawa?"

"Sawa, mzee wangu."

"Na wenzangu wote wana lipu mpya?"

"Wote."

"Mimi peke yangu nalala chini ya ufa. Hiyo ni haki?"

"Si ulikataa kutoka mwenyewe!" nikafoka.

"Nilihamishwa, dada," akasema kwa upole. "Kwa ajili ya ukarabati."

Ilikuwa kweli, na hapo ndipo paliponiudhi. Fundi saa akaingia cha nne. Mwanga wa dirisha hakuutaja tena, na saa zake zilihama bila kupoteza hata dakika. Shangazi akaifunga yake kwenye gazeti, akarudi mwisho wa korido, kwenye kile chumba cha tano alichokichagua siku ya kwanza. Ufa ulikuwa unamngoja pale pale.

Kesho yake asubuhi Nipo Njiani alikuja bila kuitwa, lipu imeshachanganywa kwenye ndoo. Hakuwahi kufanya hivyo maishani mwake. Shangazi akasimama mlangoni.

"Hiki hukigusi."

"Mama, kimebaki hiki tu. Ni kazi ya siku moja."

"Nimesema hukigusi."

Nilidhani uchovu umempanda kichwani. Nikamvuta ndani, nikamkalisha, mimi mwenyewe nikakaa kitandani pake nimtulize. Kabla sijafungua mdomo tukasikia hodi. Walikuwa wanandoa, mume mbele na mto kwapani, mke nyuma na tumbo ambalo sasa halikuhitaji kutangazwa.

"Mama, kama unavyotuona, familia inaongezeka," akasema mume. "Tumesikia chumba hiki ndicho kikubwa kuliko vyote. Tena kina hewa."

Nilimtazama shangazi. Nilijua neno lililokuwa linakuja, lile lile "hakuna neno" lake. Mume akainua macho ukutani, akapapasa ufa kwa kidole.

"Na huu si mkubwa. Unazibika."

Shangazi akainuka, akaomba radhi, akasema alikuwa anataka kutundika saa yake, kama hawatajali. Akachukua nyundo na msumari. Hakutafuta mahali pazima. Aliuweka msumari katikati ya ufa, akapiga. Akapiga tena. Kipande cha ukuta kikubwa kama sinia kikaporomoka juu ya mto wake, vumbi likatanda, na lilipotulia tuliona mwanga wa uani ukipenya kwenye tundu. Kuku akachungulia.

"Bado kina kazi nyingi, wanangu," shangazi akawaambia kwa sauti ya huruma. "Siwezi kumlaza mtoto mchanga humu."

Mke ndiye aliyemshika mume mkono. Waliondoka wakimpa pole, na korido nzima nikasikia habari ikipita mlango kwa mlango: mama mwenye nyumba anakaa pabaya, maskini, pale hapakaliki.

Shangazi akaipangusa saa, akaitundika kwenye ule msumari uliobaki umenasa ukingoni mwa tundu. Ilikaa upande. Akarudi nyuma, akaitazama, hakuisogeza.

"Umeubomoa ukuta wako mwenyewe," nikamwambia. Machozi yalinitoka, na si vumbi.

"Si wangu?" akasema. Akakung'uta mto, akapanga kandambili zake chini ya kitanda, kisha akanitazama mimi niliyekuwa bado nimekaa pale pale. "Haya, mwanangu, hama hapo. Nataka kulala."

Nikahama. Sijafika katikati ya korido, nyuma yangu nikasikia komeo likiingia.