Likizo Niliyomfundisha Mtu Kuwa Mimi

Mjukuu wangu amekuja likizo kutoka Tanga. Ana miaka kumi na tano. Anaamka jua limeshafika kwenye migomba, anajifunga blanketi kama mgonjwa, anakaa jikoni na simu yake akisubiri chai. Juzi akaniambia, "Bibi, mimi bado sijajijua ni nani." Nikamwambia ajitafute huku anamenya viazi. Akacheka, akamenya, maganda mazito kama ya mtu ambaye hajawahi kulala na njaa. Kisha akaniuliza mimi nilipokuwa na umri wake likizo nilikuwa nafanya nini, na kama nilijijua.

Nilichukua mundu nikaenda kukata majani ya ng'ombe, na huko nikajibu peke yangu. Sasa nakujibu wewe, maana wewe hutanikatiza. Niliishia darasa la saba, usinidai maneno mazuri. Nitasema yaliyotokea.

Tulikaa juu ya Malindi, hii ya Lushoto, siyo ya pwani, njia ya kwenda Shume, mahali ambapo ukungu unaingia ndani ya nyumba bila kupiga hodi. Likizo ninayoisema ni ile ndefu ya baada ya mtihani wa darasa la saba, tukisubiri majina ya waliofaulu. Ilikuwa miezi ya matunda ya plamsi. Miti yote nyuma ya nyumba ilikuwa myekundu, na nyigu walilewa yale yaliyooza chini. Asubuhi nilichota maji mtoni, mikono inakufa ganzi kwa baridi. Nikiwasha moto, kuni za msindano zilitoa moshi mweusi wenye harufu ya dawa. Tulikunywa chai ya rangi kwa magimbi. Kisha nikapandisha samadi shambani kwa karai bovu, na yale maji yake yakanichuruzikia shingoni hadi mgongoni. Mchana nilibeba tenga la plamsi hadi barabarani kwenye lori la wachuuzi.

Jirani yetu, mama mmoja mwenye sauti ya kufukuza ndege, alizoea kunipigia kelele kutoka ng'ambo ya bonde, "Sekondari! Samadi inakuulizia!" Alinitania hivyo kwa sababu mwalimu mkuu alishasema mtoto huyu atafaulu.

Na mimi, ndiyo, nilijijua. Niliitwa Foibe. Ni jina la mama yake baba, ambaye simkumbuki. Nilikuwa nachora jina hilo kwa mwiba kwenye maboga machanga. Boga likikua, jina nalo linakua, linavimba kama kovu. Mama akanichapa, akasema nani atanunua boga lenye jina la mtu. Sikuacha.

Siku moja mchana mwalimu mkuu akapanda kilima kuja kwetu, amevaa koti. Jina langu lilikuwa limetoka. Shule nzima, msichana mmoja tu. Jirani akapiga vigelegele mpaka mbuzi wakakata kamba. Kwa siku tatu nilikuwa mtu. Hata samadi niliibeba kama mtu anayeaga.

Jumapili, baada ya ibada, akaja baba mkubwa, kaka yake baba. Alikuwa mzee wa kanisa, na ndiye aliyemlea baba. Baba alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, lakini mbele ya kaka yake alikaa kwenye kigoda. Mwalimu mkuu naye alikuwepo. Nikawaamkia shikamoo, nikapeleka chai, nikarudi jikoni kupukuchua maharage. Ukuta wa jikoni ulikuwa wa fito na udongo, kila neno lilipita.

"Tumshukuru Mungu," alisema baba mkubwa. "Jina limetoka kwenye nyumba yetu. Nani aende, hilo tutaamua sisi."

"Limetoka la mtoto wangu, kaka," baba akasema.

"Mtoto gani? Foibe ni mama yangu, na ni mama yako. Huyu aliazimwa jina tu."

Hapo nikaelewa. Baba mkubwa alikuwa na binti, Yunisi, aliyenizidi miaka miwili. Alishafanya mtihani kabla yangu na jina lake halikutoka. Sasa baba yake akaeleza taratibu, kama mtu anayegawa nyama: Yunisi ameshakua, anaweza kukaa bweni. Huyu mdogo mama yake ana mimba iliyomlaza. Siku hizo karatasi za shule hazikuwa na picha. Ukiwa na jina na cheti cha ubatizo, basi wewe ndiye. Mwalimu mkuu alikuwa anapuliza chai ambayo ilishapoa.

Nilimsubiri mama. Alikuwa amelala chumba cha ndani, anasikia yote. Mwishowe sauti yake ikatoka.

"Mwacheni abaki. Nani atanibebea maji?"

Baba akasema, "Basi."

Nimezika watu wengi, nimepitia miaka ya njaa, lakini nikiinama kupuliza moto ni maneno hayo ya mama ninayoyasikia. Simlaumu. Namlaumu kidogo.

Baba mkubwa akaniita nje. Akaniangalia kwa upole kabisa, hiyo ndiyo mbaya zaidi. "Wewe una akili," akasema. "Kwa hiyo utamfundisha mwenzio."

Basi likizo iliyobaki nilimfundisha Yunisi kuwa mimi. Alikuja kila siku, tukienda pamoja kukata majani, na huko kwenye majani ndiko kulikokuwa darasa.

"Unaitwa nani?"

"Yu... Foibe."

"Baba yako?"

Akamtaja baba yangu.

"Mama yako?"

"Mama mdogo."

"Mjinga wewe. Mama yako ni mama."

Nilimfundisha mwandiko wangu, ile herufi ya kwanza ninavyoipinda. Nilimfundisha nilizaliwa lini, nilibatizwa na mchungaji yupi, nani alikaa dawati moja na mimi. Hesabu za asilimia zilimtoa machozi. Halafu tukabuni mchezo. Mmoja anajificha nyuma ya miti na kuita ghafla. Yeye akiitwa Yunisi asigeuke. Mimi nikiitwa Foibe nisigeuke. Atakayegeuka anabeba mizigo yote miwili ya majani hadi nyumbani. Siku za mwanzo nilibeba mimi kila siku, shingo karibu ivunjike. Tulicheka. Nakwambia ukweli, tulicheka hadi kugaragara.

Siku moja akakaa chini, akaacha mundu. "Mdogo wangu, mimi siyataki haya," akasema. "Nitagundulika. Twende tukawaambie wazee."

Hiyo ilikuwa nafasi yangu, na ililetwa na yeye mwenyewe. Tungeenda wawili, pengine baba angepata nguvu. Lakini nilikuwa nimeshasikia sauti ya mama kutoka chumba cha ndani, na nilikuwa na hasira ya kijinga, ile ya mtu anayetaka waliomkosea waone walichofanya. Nikamwambia, "Ukigundulika, baba yako na baba yangu watafungwa. Shika kitabu." Akakishika. Kwa hiyo usifikiri nasimulia habari za wezi tu. Mlango wa mwisho niliufunga mimi.

Alipokwenda, alikwenda na lori la mbao lililotoka Shume. Sanduku lake la bati liliandikwa jina langu kwa rangi nyeupe, na niliandika mimi, kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri zaidi. Lori lilipoanza kushuka, mimi nilishageuka kurudi nyumbani. Nikamsikia juu ya mbao anaita, "Foibe! Foibe!" Analia. Sikugeuka. Alishanifundisha, na mimi nilishamfundisha.

"Anamwita nani yule?" mtu mmoja akauliza.

"Anajiita mwenyewe," jirani akajibu. "Sekondari imeshampanda kichwani."

Watu wakacheka. Jirani alijua kila kitu, kijiji kizima kilijua. Lakini tangu siku hiyo hakunitania tena na samadi.

Mimi nikawa Yunisi. Kwanza kwa hofu, asije mtu wa elimu kutoka Lushoto akasikia. Kisha kwa mazoea. Nilipata kipaimara kwa jina hilo, nikaolewa nalo, na kitambulisho changu kinasema nina miaka miwili zaidi ya niliyonayo. Mama ndiye hakuweza. Hakuniita Yunisi hata mara moja, wala hakurudia Foibe. Hadi anakufa aliniita "wee". Maji nilimbebea.

Mwenzangu alisoma. Alikuwa muuguzi Tanga, watu wakamsifu. Nilimchukia miaka mingi, kisha nikachoka, maana chuki nayo inataka nguvu na mimi nilikuwa na watoto. Kila Krismasi alikuja na sukari na khanga. Tukikaa jikoni aliniita "mdogo wangu", nami nikamwita "dada", na hivyo tukakwepa majina yote mawili mpaka tukazeeka.

Ukija leo hutaona kitu. Ile miti ya plamsi ilikatwa, wachuuzi siku hizi wanataka karoti na kabichi. Jiko la udongo lilianguka kwa mvua moja kubwa. Baba, mama, baba mkubwa na mwalimu mkuu wote wako chini. Jirani naye, na wanakijiji wote waliojua, na ng'ambo ile ya bonde pamekuwa kimya. Mtu aliyebaki wa kujua nilivyokuwa naitwa alikuwa mmoja tu, yeye mwenyewe aliyelibeba jina hilo, na mwezi uliopita tumemzika.

Kanisa lilijaa. Mchungaji akasoma maisha ya marehemu Foibe, akasema mwaka ule alikuwa msichana pekee wa shule yake kufaulu. Akinamama wakatikisa vichwa kwa kusifu. Kisha mwongozaji akaomba mtu mmoja wa upande wa nyumbani aseme neno, na wote wakaniangalia, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa aliyebaki.

Nilisimama. Wanawe wanne walikuwa mbele yangu, wote wamesoma, mmoja amepakata picha ya mama yao. Ningeweza kusema pale pale, na hakuna wa kunizuia. Nikawaangalia, nikafikiri, nikisema, hawa wataambiwa wao ni watoto wa nani?

"Mimi naitwa Yunisi," nikasema. "Marehemu ni dada yangu. Darasani alikuwa na akili sana. Mimi sikuwa nazo."

Nikaketi. Msichana aliyekaa kando yangu, simjui ni wa nani, akanipapasa mkono. "Usijali, bibi," akaninong'oneza. "Shule siyo kila kitu."