Mutoto Hakuomba Biberoni

Mi njo mukosefu. Ninaanza na ile neno, juu kama ninaanza na maneno ingine nitajificha nyuma yake, na nimejificha kutosha.

Jina yangu musiulize. Kama kuko mwenye kunijua, anyamaze. Padri nilisha kumuambia. Akanipa sala ya kusema, nikasema yote, zambi haikunitoka. Njo maana ninaandika hapa, kwa mukono ya mutu mwenye kutoka ku masomo mapema juu baba alimutuma kuchunga mbuzi. Musamehe maandiko. Musisamehe mambo.

Nilikuwa kapita, musimamizi ya batu ya kazi, mu mashimo ya shaba ya Musonoi, pale Kolwezi. Nilikuwa na nyumba ya matofali, robine ya maji karibu, posho kila juma. Bibi yangu Feliste, mutoto ya batu ya Kabongo, tulikaa naye miaka mingi bila mutoto. Mingi! Dada zangu balisha kuchoka kuuliza. Pale walipochoka, Mungu akatukumbuka. Tumbo ikatoka.

Bandugu, hamuwezi kujua ile furaha. Nilikuwa ninaimba mu shimo!

Na pale pale Alfonse akaingia mu mambo yangu. Alfonse alikuwa jirani, karani mu biro ya kampuni. Mutu ya kravate ku shingo, biatu yenye kulia kwiri-kwiri tokea mbali. Alitaka bazungu bamuhesabie evolue, mutu mweusi mwenye kustaarabika, na alitaka kambi yote ya batu ya kazi ijue amesha kuwa. Siku moja akasimama pa mulango yangu.

«Kapita, mutoto atalala wapi?»

«Na mama yake. Atalala wapi ingine?»

Akacheka mpaka akashika ukuta. «Mu kitanda ya mama! Kama mutoto ya panya! Uko kapita ama uko mushenzi?»

Ile neno mushenzi iliniingia kama mwiba. Tukaenda naye ku magazini, duka kubwa ya mu muji, na mushahara yangu ikabakia kule.

Nilinunua berso, kitanda ya mutoto, ya chuma. Mutoto alipozaliwa, hakukubali kulala ndani. Paka njo alilala mule.

Nilinunua biatu ya sufu, ya mutoto mwenye hajui ata kukaa! Nilinunua poda yenye kunuka maua, na kipimo ya joto ya maji ya kuoga, kama vile bibi yangu hana kiwiko ya kuonja maji.

Nilinunua puseti, ile kigari ya kusukumia mutoto. Njia ya kambi yetu ilikuwa mawe na mifereji, magurudumu ikakwama kila mara. Nilisha kumukataza Feliste kubeba mutoto mu mugongo. Njo alivyofanya: akafunga mutoto wetu Ngoie mu mugongo, na puseti tupu akaisukuma mbele yake, juu ya kunitii. Bamama pa robine bakaanguka na kicheko.

«Mama kapita! Unatembeza upepo?»

«Muache, upepo yake iko ya kizungu!»

Alirudia na machozi. Na mi nikamukaripia, nikasema bale bamama ni bashenzi.

Ile yote ilikuwa upumbafu. Upumbafu ya namna ile haiui mutu, inakula tu mufuko. Yenye kuua ilikuwa biberoni, ile chupa ya kunyonyeshea mutoto.

Kwa kila mutu nilisema: biberoni ni maendeleo, muangalie mutoto ya picha pa mukebe ya maziwa ya unga, muangalie mashavu yake! Njo sababu nilitoa mbele ya kambi yote. Ilikuwa bongo, uongo mutupu. Sasa nitasema ya kweli, na ninainamisha uso.

Kwetu, bibi mwenye kunyonyesha, bwana hamukaribie. Anangojea mpaka mutoto atembee, na kupita pale. Bazee banasema, mambo ya bwana inaharibisha maziwa. Zamani bwana alikuwa na bibi ya pili, anangojea kule. Mi nilioa mu kanisa, bibi mumoja. Kampuni nayo inaandika bibi mumoja. Basi nilipaswa kufanya nini? Kungojea. Ile tu! Kungojea, kama banaume bengine mu kambi balivyongojea, kwa uchungu lakini balingojea.

Bengine balikuwa banaenda ku banamuke ya site, ule muji ya inje ya kambi, kwa kujificha. Mi niliona ile ni zambi. Oh, nilijiona mutakatifu! Nikafikiri: mutoto akiacha titi, mwiko inakwisha, na zambi haiko.

Munaelewa? Biberoni niliinunua sababu ya kitanda yangu.

Siku niliyoileta, Ngoie alikuwa bado mudogo sana, shingo yake ilikuwa haijakomaa. Feliste akaishika ile chupa, akaigeuza-geuza.

«Baba Ngoie, maziwa iko. Inatoka mpaka inalowanisha nguo. Juu ya nini nimupe ya mukebe?»

«Unataka tubakie nyuma?»

«Mutoto hakuomba hii kintu.»

«Mutoto anajua nini?»

Akaniangalia. Akaniangalia mpaka akaelewa. Niliona pale alipoelewa. Akashusha macho. Akafunga matiti na kitambala, kwa nguvu, vile banafunga kidonda, ili maziwa ikauke.

Mama ya Feliste akafika na treni, kutoka upande ya Kamina. Mama mukwe! Munajua heshima yetu: mama mukwe na mukwe habaangaliane mu uso, habaitane jina, habakule pamoja. Akiwa na neno, analipeleka kwa mutu mwingine. Neno ya kitanda ya mutoto yake, angeipeleka kwa nani? Nilikuwa salama nyuma ya heshima yake, na nilijua.

Lakini muzee yule alikuwa na akili. Akaanza kusema na kuku mu kiwanja, pale mi ninakaa pa dirisha.

«We kuku! Mungu alikunyima titi, hatukulaumu. Lakini huyu mwenye kupewa mbili banamufungia na kitambala! We kuku, uliona wapi?»

Kuku ikakimbia. Na mi nikacheka! Jioni nikaenda kumuhadizia Alfonse, naye akacheka.

Ile miezi nilirudia mu kitanda yangu, na kusema kweli nilikuwa na furaha. Ninaiandika, juu ungamo yenye kuacha ile haiko ungamo.

Mukebe ya maziwa ilikuwa inakwisha mbele ya mwisho ya mwezi. Nikamulilia Alfonse. Akanipa akili ya mwenye kusoma:

«Ongeza maji, kapita. Mutoto hajui kipimo.»

Nikamuambia Feliste aongeze maji. Akaongeza. Maziwa ikafanana na maji ya kuoshea muchele. Chupa ilikaa pa meza na nzi, na kuni ya kuchemsha maji siku ingine haikukuwa. Ngoie akaanza kuharisha. Akaacha, akaanza tena. Mashavu ikaingia ndani, tumbo ikatoka inje. Nikasema ni meno.

Ni meno! Mutoto mwenye hata kukaa bado!

Mama mukwe akakata ile kitambala ya kifua na kisu, bila kuniomba ruhusa. Akamuweka mutoto pa titi. Ngoie akashika, akavuta, hakukutoka kintu. Feliste alikunywa uji, alikandwa na maji ya moto, akakamua mpaka ngozi ikapasuka. Maziwa ilikuwa imesha kukauka. Nilikuwa nimeshurutisha ikauke, ikanitii.

Tukaenda ku dispansere, nyumba ya dawa ya kambi. Infirmie, muuguzi ya pale, alimupima mutoto, akamufinya ngozi ya tumbo. Ngozi ikabakia imesimama kama nguo. Akageuka, na sauti yake ikasikiwa na bamama yote pa banki, ile benchi ya kungojea.

«Nani alikuambia uache kunyonyesha?»

Mi nilikuwa nimesimama pale, na kofia mu mikono. Feliste hakunigeukia ata kidogo. Akajibu:

«Ni mi mwenyewe, tata.»

Infirmie akamugombeza! Akamuita mama ya maringo, mama mwenye kupenda kifua yake kuliko mutoto. Bamama ya banki bakapiga midomo. Na yeye alikubali yote, kichwa chini, juu ya kunifunika mi.

Na mi nikanyamaza.

Bandugu, kufa kwa mutoto, ningeweza kusema sikujua. Wengi habakujua. Lakini pale pa dispansere nilijua. Neno moja tu, «Ni mi». Midomo yangu ilikuwa mizima. Nikaogopa batu bataniona namna gani, kapita muzima.

Infirmie alijaribu kazi yake. Tulikuwa tumechelewa.

Ngoie alikufa asubuhi, mu mikono ya nyanya yake, pale sirene ya kampuni ilikuwa inaita batu ku kazi. Na nitasema na hii: nilisikia sirene, nikaanza kuvaa biatu ya kazi. Mikono ilivaa yenyewe. Feliste alikuwa ananiangalia vile ninafunga kamba.

Pa malalo, kisha kufukia kaburi, mama mukwe akakuja mpaka mbele yangu. Akainua uso. Miaka yote ya ndoa yetu sikukuwa nimeona macho yake, na siku ile niliona. 

«Weye,» akasema. «Ulikuwa na njaa gani, yenye kushinda njaa ya mutoto?»

Hakuna mutu aliuliza alitaka kusema nini. Bazee bote bakaelewa. Banamuke bakaelewa. Nikaangalia chini mpaka wakaondoka wote.

Bakaenda na treni, yeye na mutoto yake. Feliste hakunitukana. Angenitukana, ningekuwa na kintu ya kushika. Akafunga nguo yake mu kitambala, akaacha berso, akaacha puseti, akaacha poda na bile biatu ya sufu yenye haikuvaliwa. Nilisikia aliolewa kule kwabo. Nilisikia vilevile hakuzaa tena. Alikuwa na mutoto mumoja mu maisha yake, na mi nikamulisha maji.

Sasa musikie mambo ya Alfonse. Bibi yake alizaa mbele ya mutoto wetu na nyuma yake, na batoto yake yote bako bazima. Siku moja nikiwa kwake, mulango ya chumba ilikuwa wazi. Nikamuona bibi yake amekaa nyuma ya pazia, mutoto pa titi, amenona kama mukate! Biberoni yake ilikuwa pa kabati, safi, yenye kungaa, haijaingia maziwa ata siku moja. Ilikuwa ya kuonesha bageni!

Nikamuuliza: «Alfonse, weye ulinifundisha nini?»

Akarekebisha kravate. «Kapita, mi nilikuonesha kintu ya bastaarabu. Nilikuambia umuachishe titi? Ile ilikuwa yako.»

Alfonse, utasoma hii, juu weye unasoma kila kintu. Uko muongo na uko muuaji wa mbali. Na wale ya magazini, wenye kubandika picha ya mutoto munono pa dirisha mbele ya macho ya batu yenye haina maji safi, nao niliwahesabu. Lakini neno yako ya mwisho, Alfonse, ilikuwa kweli, na njo inanichoma. Ile ilikuwa yangu.

Niliomba kuhamishwa. Sasa niko Kisenge, ku mashimo ya manganeze, kazi ya kuharibu kifua, na kifua yangu iko inaharibika. Ni sawa. Ninakaa peke yangu. Kitanda ninayo, yangu yote.

Mwezi hii niliingia mu magazini kununua chumvi. Kijana mumoja alikuwa pale na bibi yake, tumbo mbele. Alikuwa anashika biberoni vile nilivyoishika, na vidole biwili, kama kintu ya sakristia. Nikamukaribia.

«Kijana, uache ile. Bibi yako atakuwa na maziwa.»

«Tata, nani alikuuliza?»

«Nilikuwa na mutoto…»

«Bazee ya kijiji!» akamuambia mwenye magazini, na bote babiri bakacheka. «Banataka tubebe batoto mu ngozi ya mbuzi!» Bibi yake alikuwa ananiangalia. Aliniangalia sana, kama mwenye kuomba niendelee. Mbele ya batu yote, nilipaswa kusema juu ya nini mi nilinunua yangu. Nikatafuta ile neno. Haikutoka tena. Kijana akalipa, akaenda, na bibi yake nyuma.

Njo maana ninaiandika. Kinywa yangu ni ya mutu mwoga, kalamu pengine itajaribu.

Banaume wenye kungojea mutoto! Mutoto mudogo anataka titi, kitambala ya kumubebea, maji ya moto ya kuoga, na mama mwenye hasumbuliwe. Kama mama amekufa ama maziwa ilimukataa, Mungu yeye mwenyewe atasamehe biberoni, na mufuate infirmie, muchemshe maji, musiongeze ata tone. Lakini kama maziwa iko! Berso, puseti, poda, chupa, mbele ya kutoa feza simama kwanza, ujiulize kile kintu iko kwa faida ya nani.

Kama jibu ni weye, rudisha mukono mu mufuko.

Mi sikurudisha.