Sentensi Niliyomwongezea Simeo

Simeo Mdoe alikuwa mwinjilisti wetu, kijiji kimoja huko Magoma, miaka kumi na tisa. Alihubiri kwa ufupi, mara nyingi vifungo vya shati vimepishana. Aliposema mtoto aliyekufa kabla ya ubatizo azikwe kwa sala kama mtu mwingine, wazee wa kanisa walinung'unika. Aliendelea tu. Akayaandika mafundisho hayo kwenye daftari, akanipa mimi.

Mimi nilikuwa nazunguka na baiskeli ya kunolea visu, Korogwe hadi Handeni. Nimeishia darasa la nne, lakini kunakili najua. Kila nilipolala niliacha nakala. Handeni hata Waislamu walisoma. Mzee Sharifu aliniuliza, "Huyu mtu wenu ana akili. Mtamfukuza lini?" Tukacheka.

Mwaka huo mjukuu wangu alifariki akiwa na siku tatu, na mchungaji hakuja makaburini. Kwa uchungu nikaongeza sentensi moja mwisho wa nakala: kwamba mchungaji wetu huzika wenye ng'ombe tu.

Nakala hiyo ndiyo iliyofika kwenye baraza la wazee. Simeo akaonyeshwa, akaulizwa kama maneno ni yake. Aliona ukurasa wa kwanza tu, akasema, "Yote ni yangu." Mimi nilikuwa mzee wa kanisa, nimekaa palepale. Nikatazama viatu vyangu. Simeo akatengwa.

Ikapita miaka kumi na moja. Simeo akawa anashona viatu, na Jumapili anasikiliza ibada akiwa nje, dirishani. Mwaka huu akaugua. Mchungaji mpya akasema atarudi kundini na kupewa Chakula cha Bwana, mradi tu atubu lile neno la wenye ng'ombe. Simeo akakataa.

Mkewe, Josefina, akanipigia simu nikiwa Manundu. "Shemeji, njoo umseme rafiki yako. Atakufa nje kwa ubishi."

Nilimkuta Simeo amelala kitandani, yuko macho.

"Umekonda," akasema. "Au Manundu visu vyote vina makali siku hizi?"

"Kwa nini hutubu, Simeo?"

"Sikumbuki kuandika vile. Nikatubu uongo mbele ya madhabahu?"

Nikamwambia sentensi ile niliiongeza mimi. Nilisema haraka, maana ningepumzika ningeacha.

"Siku ile barazani ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Ulikaa upande gani?"

"Karibu na mlango."

Akageukia ukutani. "Josefina, mpe mgeni chai."

Tumejuana tangu tunachunga mbuzi. Hakuwahi kuniita mgeni.

Jumapili nilisimama mbele ya usharika nikasema kila kitu, hadi kunyamaza kwangu kwenye kile kikao. Mchungaji akanitenga miezi sita. Sikubisha. Kisha akamwita Simeo, naye akaingia ameshikwa mkono na Josefina, akapiga magoti, akapokea Chakula cha Bwana. Wanawake walilia.

Akitoka alinipita karibu kabisa. Nilikuwa nimeandaa neno. Hakunitazama, na mimi sikumsemesha, kwa sababu siku ile ilikuwa yake.