Mshipi wa Mama na Zimwi la Vichwa Saba

Fundi viatu wa Litein hushona gambuti za wachuma chai huku akisimulia vita vya shujaa wake na zimwi la vichwa saba. Kila kichwa kinapoanguka, nyundo hugonga, naye hucheka mpaka misumari aliyobana midomoni inamtoka. Kipngeno wa bodaboda humwamini shujaa huyo kuliko breki zake. Jana, Momanyi, mwenzake wa bodaboda, alipomnyang'anya abiria, Kipngeno alimkunjia ngumi. "Leo nakata vichwa vyote!" Fundi akanyakua mshipi wa shanga aliokuwa akimshonea nyanya mmoja, akaulaza katikati yao. Mshipi wa mama ukilazwa hivyo, hakuna Mkipsigis anayeuruka. Kipngeno akashusha mkono.

"Lakini shujaa wako angeuruka, fundi!"

"Wapi! Mamake alimnyang'anya upanga kwa mshipi kama huu. Wewe kila siku unaenda na abiria kabla sijamaliza hadithi."