Bega Kwanza, Bunduki Baadaye

Mwanangu, ukinisalimia kwa upande huu wa kulia nisiitikie, usiende kijiweni kusema mzee Fidelis ana maringo. Sikio hili lilikufa zamani. Nakumbuka vizuri siku lilipokufa, wala silisikitikii, na leo nitakueleza kwa nini, maana juzi nimewasikia mkibishana pale kwenye mashine ya kukoboa: huyu mzawa, yule wa kuja. Nilisikia kwa hili la kushoto, nalo lingali zima. Kaa basi.

Ilikuwa miaka ya tisini, masika yamekwisha, mpunga umeanza kuwa wa njano. Kijiji chetu kilikuwa ng'ambo ya mto, ukitoka Ifakara, ukishavuka kivuko unashika njia ya Malinyi. Msimu huo akatokea nyati dume, mzee, ametengwa na kundi lake, akajichimbia kwenye matete yaliyopakana na mashamba yetu. Nyati wa kundini utampisha naye atakupisha. Aliyefukuzwa na wenzake ndiye balaa. Alimkuta mama yangu mdogo, Skola, anakwenda kuvuna, akampiga pembe ya paja. Tulimvusha akiwa juu ya kitanda mpaka hospitali Ifakara, na Mungu bariki akapona. Lakini tangu siku hiyo hakuna aliyekanyaga shamba.

Na mpunga ukikomaa haumngoji mtu. Unapukutika chini, panya wanashangilia. Mama yangu alikuwa akisimama mlangoni kila asubuhi, anaangalia upande wa shamba bila kusema kitu. Mama yangu, mwanangu, alikuwa mtu wa kusema, we acha tu. Ukimya ule ndio ulionitisha kuliko nyati. Chakula chetu cha mwaka mzima kilikuwa kimesimama pale, kinaonekana, na hatuwezi kukigusa.

Serikali ya kijiji ikapata kibali, ikapata bunduki moja ya kuwindia, na mzee wa kufundisha vijana wawili namna ya kuitumia. Mwenyekiti wetu alikuwa na ujanja wa sungura. Akachagua mzawa mmoja na mfugaji mmoja. Mzawa ni mimi, Mndamba. Mfugaji ni Masanja, kijana wa Kisukuma wa rika langu, ambaye watu wao walikuwa wamehamia na ng'ombe misimu michache tu kabla. Sasa hao ng'ombe wa kwao ndio walioingia shamba la baba msimu uliotangulia, wakala mpunga mbichi mpaka wakacheua. Kesi ilikwisha kwa mwenyekiti. Mdomoni ilikwisha. Moyoni, mh!

Kabla sijaondoka, baba mkubwa akanivuta pembeni. "Fidelis," akasema, "yule kijana usimpe mgongo. Atakuwa na bunduki, na wewe una mgongo." Nikaona nimepewa hekima. Kumbe si kila neno litokalo kwenye kinywa chenye mvi ni hekima, na hili nakuambia mimi mwenye mvi, kwa hiyo hata langu ulipepete.

Mafunzo yalikuwa Ifakara, nami nilifikia mtaa wa Lipangalala kwa shangazi yangu, Masanja akafikia kwa mtu wao. Alfajiri tukawa tunakutana kwenye uwanja wa shabaha, nje ya mji: uwazi mpana, mwisho wake tuta kubwa la udongo, na mbele ya tuta gunia lililojazwa makapi ya mpunga, limechorwa nyati kwa mkaa. Mwalimu wetu alikuwa Mzee Kasiani, askari wa wanyamapori aliyestaafu, mfupi, mkavu, hatembei bila kopo lake la ugoro. Tulikuwa tunamwamkia shikamoo, anaitikia marahaba, kisha anasema, "Haya, laleni." Wiki nzima hatukupewa hata risasi moja. Kulala kifudifudi. Kupiga goti. Kukaa, viwiko juu ya magoti. Kusimama. Bunduki tupu, lakini inashikwa kana kwamba imejaa, na mdomo wake hauelekezwi kwa mtu hata kwa utani. Magoti yakachubuka, nikajiuliza kama huyu mzee anatufundisha kupiga au kusali.

Mimi na Masanja tulikuwa hatusemeshani. Tukipokezana bunduki tunapokezana kwa macho ya pembeni.

Halafu siku moja Mzee Kasiani akatuambia, "Mikao yote hii ni mizuri. Lakini kule kwenu kwenye matete, ukilala utapiga nyasi, ukipiga goti utapiga nyasi. Kusimama peke yako mikono inacheza. Mti hakuna, kichuguu hakuna. Kuna nini?"

Masanja akatazama tuta, mimi nikatazama gunia.

"Kuna mwenzako," akasema. "Mmoja anasimama mbele, anampa mwenzake mgongo, bunduki inalala begani kwake. Bega kwanza, bunduki baadaye. Asiyejua kuwa bega, mimi simpi bunduki. Fidelis, simama mbele ya Masanja."

Maneno ya baba mkubwa yakanipanda kichwani. Nikasema, "Mzee, mimi nitapiga peke yangu, nikiwa nimesimama. Naweza."

Hakubishana nami. Akanipa risasi tatu, za kwanza maishani mwangu. Mwanangu, bunduki ile ilikuwa nzito, na mikono yangu ilikuwa imejaa kiburi tu. Ya kwanza ikachimba tuta. Ya pili ikachimba tuta. Ya tatu sijui ilikwenda wapi, labda mpaka Kiberege huko mbali. Gunia la makapi likabaki linaniangalia.

Mzee Kasiani akafungua kopo, akanusa ugoro, akapiga chafya yake taratibu. Kisha akaniuliza, "Fidelis, nyati akikutokea, atakuuliza ng'ombe wa nani walikula mpunga wa baba yako?"

Nikainamisha kichwa.

"Nakuuliza wewe. Atakuuliza?"

"Hapana, mzee."

"Huyo nyati wenu yuko peke yake, ndiyo maana atakufa. Yeye kafukuzwa. Wewe nani kakufukuza?"

Hakupaza sauti, wala hakunitukana. Angenitukana ningepata pa kukasirikia. Nikaenda kusimama mbele ya Masanja, nikampa mgongo.

Nikamsikia nyuma yangu anavua shuka lake. Akalikunja, akaniwekea begani, chuma kisiniumize. Akanipa pamba niweke masikioni. Bunduki ikatua juu ya shuka, mdomo wake umepita mbele yangu mbali. Nikangoja mlio. Haukuja. Bunduki ikaondoka begani.

"Baba," Masanja akamwambia Mzee Kasiani, "jua linanipiga machoni. Tupumzike kidogo."

Jua lenyewe lilikuwa nyuma yetu! Alikuwa ameona ninavyotetemeka, akaibeba aibu yangu yeye. Mzee Kasiani akatazama juu, akalitazama jua lilipo, akasema tu, "Haya, pumzikeni."

Tukakaa. Shangazi alikuwa amenifungia mihogo ya kuchemsha, nikaimega, nikampa nusu. Masanja akatafuna kwanza, kisha akasema, "Mimi baba kaniambia nyumbani, yule Mndamba usimpe mgongo."

Nikamkodolea macho. Halafu nikacheka, mwanangu, nikacheka mpaka machozi. Yeye akaanza kucheka bila kujua tunacheka nini, na nilipomweleza ya baba mkubwa akaanguka chini na muhogo wake. Wazee wawili ambao hawajawahi hata kupeana habari za asubuhi, mmoja kando ya mto, mwingine kwenye zizi, na neno lao ni lilelile! Hofu zetu zilikuwa pacha, ila zililelewa nyumba mbili.

Kuanzia hapo tukajifunza. Anayepiga akivuta pumzi, bega linavuta. Akiishika, bega linaishika. Bega likikohoa, risasi imekwenda kwa shetani. Tulipokezana, leo wewe kesho mimi, na mwisho ikaonekana wazi: Masanja ana jicho. Yule nyati wa mkaa alitobolewa mpaka makapi yakamwagika. Mzee Kasiani akaniambia, "Masanja atapiga. Wewe utakuwa bega." Iliniuma, sitakudanganya. Kijana gani anataka kurudi kwao akiwa bega?

Tukavuka kurudi. Asubuhi iliyofuata watu walikusanyika ukingoni mwa mashamba, mama yangu akiwa mbele. Mzee Kasiani alikuja nasi, lakini mguu wake haukuweza lile tope, akaishia pale na watu. Tukaingia matete wawili, kufuata kwato. Maji yanafika kwenye vifundo vya miguu, umande unatulowesha.

Nyati alijitokeza mwenyewe. Matete yalipungua mahali, na yeye huyo hapo, mweusi, tope limemkaukia mgongoni, ameinua pua. Nikasimama, nikampa Masanja mgongo. Shuka likatua begani, bunduki ikafuata. Mzee Kasiani alikuwa ametusisitizia pamba masikioni, na pamba tulikuwa nazo. Lakini nilitaka kumsikia Masanja, mwanangu. Kusimama mbele ya nyati mikono mitupu usimsikie mwenzako, sikuweza. Nikachomoa ya sikio la kulia.

"Bado," akanong'ona.

Nyati akatuona. Akatikisa kichwa, akaanza kuja. Kila kiungo changu kikaniambia kimbia. Na ningekimbia, Masanja angebaki na bunduki isiyo na mahali pa kulala.

"Tulia, ndugu yangu. Bado."

Sijui kama nilikuwa nasali au nalia. Nilikaza miguu kwenye tope, nikamtazama.

"Shika pumzi."

Nikaishika. Dunia ikapasuka sikioni mwangu. Nyati akapiga magoti, akaburuzika kwenye maji, akalala, akawa kimya. Mimi nikakaa chini vilevile kwenye tope, kichwa kinalia nzi. Masanja akaniinua, mdomo wake unakwenda lakini maneno siyapati. Alitoa risasi zilizobaki, akanipa bunduki nitangulie, yeye akabaki kukata mkia, uwe ushahidi kwa waliotoa kibali.

Kwa hiyo niliyetoka kwanza kwenye matete ni mimi, na bunduki mkononi. Unaona ilivyokuwa? Watu wakanivamia. Kwa sikio moja nikasikia, "Fidelis kaua! Fidelis kaua!" Mama anapiga vigelegele. Baba mkubwa kaninyanyua mkono juu mpaka kwapa likauma. Nikamwona Masanja anatokea, mkia mkononi, anasimama kando. Alisikia kila kitu. Na mtu mmoja akasema, "Mwambieni huyo Msukuma akabebe nyama."

Ilikuwa tamu, mwanangu. Jina lako kinywani mwa kijiji kizima, mama yako anacheza, nani asingependa? Ningenyamaza tu, basi. Lakini nilikuwa bado nina shuka lake begani, limelowa jasho langu. Nikapaza sauti, maana kiziwi hajui kunong'ona: "Aliyepiga ni Masanja! Mimi nilikuwa bega!"

Vigelegele vikakatika. Baba mkubwa akauachia mkono wangu kama chungu cha moto. Nikamwona Mzee Kasiani anafungua kopo lake la ugoro, anatabasamu ndani yake.

Mama ndiye aliyetembea. Alipita watu, akasimama mbele ya Masanja, na yule mama wa kusema hakuwa na neno. Akavua kitenge chake begani, akamfunga Masanja, akamshika mashavu kwa mikono miwili. Kisha akageuka, akawauliza watu kwa ile sauti yake ya zamani, "Mundu ziko wapi? Au mnangoja mpunga uje wenyewe nyumbani?" Tukavuna siku ileile. Mchele mpya wa kwanza mama aliubeba kichwani mpaka kwa mama yake Masanja, na akarudi anatufundisha neno aliloambiwa kule: "Wabeja," yaani asante kwa Kisukuma.

Sasa usidhani ng'ombe hawakuingia tena shambani. Waliingia. Na sisi tulilima mpaka kwenye njia zao za kwenda kunywa maji, tukijua kabisa. Baba mkubwa naye alinuna misimu miwili. Lakini likitokea neno, kijiji kilikuwa kinasema, waiteni Fidelis na Masanja, na tukikaa wawili tunalimaliza kabla ugali haujapoa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilipona. Nilipoteza sikio, sikupoteza mwaka wa mama yangu wala utu wangu.

Basi nasaha zangu ni hizi, mwanangu, uzichukue. Uadui ulioukuta nyumbani usiuvae kabla hujaupima kama unakutosha. Mwingi ulishonewa watu wengine. Kabla hujataka kushika bunduki ya mambo, iwe uongozi, iwe mali, iwe sifa, jifunze kwanza kusimama mbele na kutulia ili mwenzako apate pa kuegemea. Siku watu wakikupa sifa ya mwenzako, irudishe palepale, mbele yao, kabla haijaota mizizi. Kesho yake itakushinda. Na mkiingia porini, vaeni pamba zenu masikioni. Mapenzi ya mwenzako yanasikika hata kwa pamba, mimi tu nilikuwa mjinga.

Masanja alitangulia mbele ya haki mwaka juzi. Tulimzika kwao, nami nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza, na vijana walipotaka kunipokea kwa sababu ya uzee niliwakatalia. Niliwaambia bega hili ni lake.

Haya. Mungu akupe watu wa kukupa bega, na akupe bega la kuwapa watu. Akukuze, akutunze, mpunga wako usipukutike shambani. Sasa njoo huku kushoto uniage, nikuitikie.