Siku Niliyomvuta Baba Mkwe kwa Uzi

Mkasa huu nimeuficha vya kutosha, na kuuficha kumenichosha zaidi ya aibu yenyewe, kwa hiyo wacha niuseme mwenyewe kabla hamjausikia huko sokoni ukiwa umeongezwa chumvi. Mimi, Moraa, mke wa mtu, mama wa watoto, nilimvuta baba mkwe wangu kwa uzi mbele ya wageni. Ndiyo, nilimvuta, na kwa mkono huu wa kulia.

Ilikuwa hivi. Wifi yangu Kwamboka, binti wa mwisho wa boma letu hapa Gesima, alikuwa anaposwa Jumapili, na ukweli ni kwamba tangu niolewe sijawahi kukabidhiwa kitu cha maana katika boma lile, kwa sababu kila shughuli mama mkwe humwita Kerubo, mke wa kaka mkubwa wa mume wangu (mwanamke ambaye hata akichemsha maji watu humsifu). Lakini safari hii mama aliniangalia akasema, Moraa, sebule ni yako. Nilifurahi hadi usingizi ukanipotea. Nilitaka siku moja tu, moja, mama yule aseme nimefanya vizuri.

Sasa mtu mwenye akili angechukua vitambaa vya makochi vya mama mwenyewe, vile vyeupe alivyovitia wanga na kuvipiga pasi, avitandike, amalize. Mimi nikasema hapana, nitafuma vyangu. Nilikuwa nimeona kwenye simu dada mmoja akifundisha krosheti ya Kitunisia, ile ya sindano ndefu, ambapo unakwenda ukikusanya vitanzi vyote kwenye sindano hadi mwisho wa mstari, kisha unarudi ukiviachilia kimoja kimoja bila kugeuza kazi. Alisema ni kazi rahisi kwa wanaoanza. Nikaenda Kisii mjini nikanunua uzi wa rangi ya maziwa, na muuzaji akaniapia kwamba uzi ule haukatiki (kumbukeni hapo, maana ni kitu pekee cha kweli nilichoambiwa wiki ile).

Kilichonishinda ni kwamba vitambaa vile vinajikunja. Unafuma kitu kizuri, kimenyooka, ukikiweka chini kinajiviringisha kama chapati ya kubebea sukuma. Nilikilalia, nikakiwekea Biblia na kitabu cha nyimbo juu, lakini ukiondoa tu, kinarudi kujikunja. Yule dada wa simu alikuwa ameeleza jinsi ya kulowesha na kukinyoosha, lakini sehemu hiyo niliiruka kwa sababu bando lilikuwa linaisha.

Kitambaa cha mwisho, cha kiti cha mzee mwenyewe, kilinikuta Ijumaa jioni jua likitua na Sabato ikiingia, na kwetu Sabato ikiingia sindano inawekwa chini, hakuna mjadala. Nilikuwa sijafuma ule mstari wa kukifunga. Jumamosi baada ya jua kuzama tulikuwa kwenye kuku na ndizi, sote mikono imejaa mafuta, basi asubuhi ya Jumapili nikapiga fundo moja tu mwishoni, nikajiambia nani ataangalia. Kisha, ili kisijikunje, nikakibana kwenye kochi kwa pini, nyingi tu, na ile ya juu nikaipitisha palepale kwenye fundo.

Mzee alivaa koti lake la kijivu, akaketi mapema, akaegemea. Nadhani pini ya juu ilifunguka hapo, ikanasa koti na kulegeza fundo. Wageni walipofika akanyanyuka kwenda kuwapokea uani, naye akaondoka na pini mgongoni pamoja na ncha ya uzi, na mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni na sinia nikaona kitambaa changu kwenye kiti kikifumuka, mstari baada ya mstari, kama kinachotafunwa na kitu kisichoonekana.

Mnajua kwetu mambo ya chinsoni, ile heshima ya wakwe. Mke wa mwana hamgusi baba mkwe, hata kumpa mkono hampi, na kumpigia kelele kwa nyuma mbele ya wageni ni heri ufe. Mama alikuwa jikoni, mume wangu alikuwa akiwaelekeza wageni pa kuegesha magari, na Kwamboka alikuwa amefichwa hadi aitwe. Nikaweka sinia chini. Nikawaza kwamba nikiukata tu huo uzi, hakuna atakayejua. Nikauzungusha mkononi nikavuta kwa nguvu.

Haukukatika.

Mzee alikuwa amenyoosha mkono kumsalimu msemaji wa wageni, na koti likamrudisha nyuma hatua nzima. Akasimama wima.

“Nani ananivuta?” akauliza, taratibu, bila kugeuka.

Kisha akageuka, na wageni wote wakageuka naye, na macho yao yakaufuata uzi kutoka mgongoni kwake, ukavuka baraza, hadi kwenye ngumi yangu. Nilishindwa hata kuifungua. Msemaji wao, mzee mmoja mcheshi kutoka Marani, akakohoa kidogo.

“Sisi tumekuja kuongea juu ya ng’ombe,” akasema, “lakini naona hapa aliyefungwa kamba ni mwenyeji.”

Wakacheka hadi wengine wakashika magari. Baba mkwe hakucheka. Aligeuzia macho mashamba ya chai, mpaka mume wangu akaja akamtoa ile pini, na mimi nikakimbilia jikoni nikakaa nyuma ya magunia.

Maongezi yalienda vizuri, watu wakala, wakaondoka. Nilingoja kugombezwa, ningeshukuru kugombezwa. Mama mkwe akaja na nusu ya kitambaa iliyobaki, imejikunja, akaiweka mapajani, akaketi kando yangu kwenye kigoda.

“Moraa,” akasema, “Kwamboka anaenda. Yeye ndiye alikuwa mikono yangu. Sikukupa sebule ili upambe, nilikuwa naangalia kama nitakuwa na mtu wa kunisaidia. Kwa nini hukuniambia kimekushinda?”

Kerubo ndiye anayetandika makochi sasa, mimi naosha vikombe, na mzee hujipapasa mgongoni kila akisimama nikiwa karibu. Nimeapa kwamba kitu ninachojifunza kitakaa nyumbani kwangu mpaka nikijue, tena kwenye kiti cha mume wangu. Na siku nikipewa kazi tena na mama yule, kama atanipa, nikishindwa nitaenda jikoni nimwambie, mama, imenishinda, nisaidie. Naingoja siku hiyo. Bado hajaniita.